Ndugu wa Porini: Muhogo na Kahawa kati ya Amani, Yangambi na Beni

Ukishuka kutoka Butembo kwenda Beni, joto linakupokea kabla hujauona mji. Butembo imekaa juu, mita 1,700 na zaidi, katika nchi ya viazi, maharage, vitunguu na kahawa ya arabika. Beni iko chini, kwenye mita kama 1,100, mlangoni mwa msitu wa Ituri: nchi ya muhogo, mawese, kakao na, kabla kakao haijatawala, kahawa ya robusta. Barabara kati ya miji hii miwili haifiki kilomita sitini. Lakini mazao mawili yanayolimwa kandokando yake, muhogo na kahawa, yana historia ndefu ya kuokolewa na ndugu zao wa porini, na historia hiyo imepitia Usambara, Java, Ibadan na kingo za mto Kongo kabla ya kurudi kwenye mashamba ya Wanande, wenyeji wa upande huu wa mashariki mwa Kongo.

Ndugu wa porini ni mmea wa ukoo mmoja na zao la shambani ambao kwa asili huota bila kupaliliwa na mtu. Unaishi bila dawa wala mbolea, kwa hiyo umelazimika kujitetea wenyewe mbele ya kuvu, virusi na ukame. Mavuno yake ni haba, pengine hayaliki kabisa. Kinachotafutwa kwake ni uwezo wa kujitetea, ili uhamishwe kwenye zao linalolimwa kwa njia ya kuchavusha. Kazi hiyo imefanywa na watu wa aina tatu: wataalamu wa vituo vya kikoloni, wakulima wenyewe (mara nyingi bila kujua wanafanya kazi hiyo), na siku hizi wanasayansi wanaosoma vinasaba kwa mashine. Nikiwaweka bega kwa bega naona jambo moja. Kila kundi lilimwendea ndugu wa porini na swali lake, na mara nyingi likaondoka na jibu la swali jingine. Ramani ya vinasaba ndiyo iliyolifichua hilo. Hata hivyo ramani nayo ina swali lake, na sidhani kwamba ndilo ambalo Beni ingeliuliza.

Tuanze na mti wa mpira. Sisemi ule wa Hevea unaojulikana Yangambi na Malaysia, nasema Manihot glaziovii, jamaa wa karibu wa muhogo, asili yake Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili. Wajerumani waliupanda kwa wingi Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, hasa upande wa Tanga na Morogoro, kwa ajili ya utomvu. Mwaka 1913 bei ya mpira iliporomoka duniani, Hevea ya Asia ikashinda, na mashamba yale yakatelekezwa. Miti haikuondoka. Wenyeji hawakuwa na haja ya utomvu, lakini waliyatazama majani na kuyatambua mara moja kuwa ni ya ukoo wa muhogo. Hadi leo pwani ya Tanzania watu wanapika kisamvu cha mpira, na wapo wanaoapa kwamba kinapita kisamvu cha muhogo wenyewe. Mla sombe, kisamvu cha muhogo, wa Beni asiwacheke kabla hajakionja.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1930 mti huo ulikuwa umekwisha kuulizwa maswali mawili. Mjerumani aliuliza: una utomvu kiasi gani? Mama wa Kibondei aliuliza: majani yako yanalainika upesi jikoni? La tatu lilitoka Amani, milimani Usambara Mashariki, katika kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na kurithiwa na Waingereza baada ya vita. Serikali ya kikoloni ilitaka muhogo uwe akiba ya njaa kwa kila kaya, lakini muhogo ulikuwa unakunjamana majani na kubadilika rangi kwa ugonjwa wa batobato, ambao Mjerumani Warburg alikwisha kuueleza kutoka nchi hiyo hiyo mwaka 1894. H. H. Storey, mtaalamu wa virusi, na R. F. W. Nichols, mzalishaji wa mbegu, walijaribu aina za muhogo kutoka pembe nyingi za dunia. Zilizovumilia zilikuwa chache, na uvumilivu wenyewe haukutosha. Ndipo wakaigeukia miti ya mpira na jamaa wengine wa ukoo wa Manihot.

Kazi yao inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndiyo kiini cha mapokeo ya vituo. Chavua ya mpira ikiwekwa kwenye ua la muhogo, mtoto anayezaliwa ana nusu ya kila mzazi. Watoto wale wa kwanza walihimili batobato vizuri, lakini chini walikuwa na mizizi ya mti: myembamba, migumu, isiyo na wanga wa maana. Nichols akawarudisha kwa muhogo mara ya pili, kisha ya tatu, kisha tena, kila kizazi akitupa waliougua na waliokosa mizizi. Kwa hesabu ya kawaida, baada ya kuurudisha mara tatu, mpira unabaki na sehemu moja tu kati ya kumi na sita. Waholanzi wa Java walikuwa wamefuata njia kama hiyo kwenye miwa, wakichanganya muwa mtamu na muwa wa mwitu hadi wakaipata aina ya POJ 2878 mwaka 1921. Ni mapokeo ya subira na ya upotevu mwingi: maelfu ya miche inachomwa ili mmoja uandikwe namba.

Na namba ndizo zilizosafiri. Baada ya Nichols, kazi iliendelea mikononi mwa D. L. Jennings hadi miaka ya 1950. Mbegu za mmea ulioandikwa 5318/34 zilipelekwa Nigeria, zikazaa mmea uliopewa namba 58308, na S. K. Hahn alipofika taasisi ya IITA kule Ibadan mwaka 1971 aliufanya huo kuwa mzazi mkuu wa mihogo yake. Kutoka hapo zilitoka aina za TMS zilizosambazwa nusu ya Afrika. Batobato kali ilipolipuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuifuta Ebwanateraka, muhogo uliopendwa sana Teso, mojawapo ya mihogo iliyoletwa kuziba pengo ilikuwa TMS 30572, mjukuu wa mpira wa Usambara. Mlipuko huo haukusimama mpakani. Nzi weupe wanaobeba kirusi hawaulizwi pasi kwenye mpaka wa Kasindi.

Mwingine wa Amani, 46106/27, haukwenda Ibadan. Uliingia vijijini, na huko ukapoteza namba. Kusini mwa Tanzania unaitwa Namikonga. Pwani ya Kenya unaitwa Kaleso. Kwa miongo kadhaa hizo zilihesabiwa kuwa aina mbili za kienyeji, hadi vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kwamba ni mmea mmoja. Huu ni mfano ninaoupenda kuliko yote katika habari hii, maana unapindua hadithi tuliyozoea, ile ya mtaalamu anayechukua mbegu ya mkulima na kuibandika namba. Hapa mkulima alichukua namba ya mtaalamu akaibandika jina. Programu ya Amani ilipokoma, vijiji vya kusini vikaendelea kuupanda mmea wake pingili kwa pingili, bila daftari. Leo watafiti wa michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ya muhogo, wanarudi kwa Namikonga kutafuta kinga.

Sasa ramani. Namna inavyofanya kazi si siri. Unachavusha wazazi wawili wanaotofautiana, unapanda mamia ya watoto wao, unasoma alama katika vinasaba vya kila mmoja, kisha unapima shambani: nani kaugua, nani ana mizizi mingapi, wanga ni kiasi gani. Alama fulani ikionekana kila mara pamoja na sifa fulani, unajua sifa hiyo inakaa jirani na alama hiyo. Muhogo una jozi 18 za kromosomu, na mpira vilevile, kwa hiyo unaweza hata kusoma kipande gani cha muhogo wa leo kilitoka kwa mpira, sawa na fundi anayekagua ukuta wa zamani na kukuonyesha mawe yaliyotolewa kwenye nyumba nyingine.

Ukaguzi huo ulitoa majibu yaliyomshtua kila mtu. Mwaka 2016 kundi la wanasayansi lilisoma vinasaba vya muhogo pamoja na ndugu zake, likaonyesha kwamba damu ya mpira ipo kwenye mihogo mingi ya Afrika kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2019 uchunguzi mwingine, uliopitia mihogo ya vituo vya Nigeria na Uganda, ulibainisha vipande viwili vikubwa vya mpira, kimoja kwenye kromosomu ya 1 na kingine kwenye ya 4. Vipande hivyo vimekuwa vikiongezeka kadiri wazalishaji walivyochagua kizazi baada ya kizazi. Wamekuwa wakivichagua kwa nini? Nichols alivitafuta kwa ajili ya batobato. Ramani inavihusisha zaidi na idadi ya mizizi na unga mkavu ndani yake. Kile cha kromosomu ya 4 kimehusishwa pia, nchini Uganda, na dalili za michirizi ya kahawia majanini. Yaani mti uliotupwa na Wajerumani kwa kukosa faida, na kutumiwa na Waingereza kwa kinga ya ugonjwa, unaendelea kuishi ndani ya muhogo wetu kwa sababu ya mizizi, wakati yake wenyewe haina wanga wa maana!

Kuna kasoro ndani ya zawadi hiyo. Vipande vya mpira havikatiki kwa urahisi, kwa kuwa kromosomu za mpira na za muhogo hazibadilishani sehemu vizuri pale zinapokutana. Jeni nzuri imefungwa pamoja na nyingi zenye hitilafu. Ndiyo maana mihogo bora huwa na kipande hicho kutoka upande mmoja tu wa uzazi. Inayokipata pande zote mbili ni michache mno. Miaka themanini baada ya Nichols, mahari ya ndoa ile haijamalizika kulipwa.

Na batobato je? Hapa ndipo mapokeo ya vituo yanapopaswa kuinamisha kichwa kidogo. Kinga yenye nguvu kuliko zote inayotumika leo haikutoka kwa mpira. Ilipatikana katika mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi, mmoja wao ukiwa ule uliosajiliwa kama TME3 kutoka Nigeria. Mwaka 2002 eneo la kinga hiyo lilichorwa kwenye ramani na kuitwa CMD2. Mwaka 2022 jeni yenyewe ilitambuliwa, nayo ni mabadiliko madogo kwenye kimeng'enya kinachonakili DNA. Inaelekea mabadiliko hayo yalitokea yenyewe shambani, na mkulima asiyejulikana akaona mmea mmoja umebaki kijani kati ya wagonjwa, akakata pingili zake. Zaidi ya hayo, wataalamu walipojaribu kuzalisha mihogo ya CMD2 maabara kwa njia ya kuotesha mimea mizima kutoka kwenye seli, mimea mingi iliipoteza kinga. Pingili ya mkulima iliitunza. Sitaki kuligeuza hili kuwa sifa za bure kwa mapokeo ya kijijini, kwa sababu mkulima huyo huyo, kwa pingili hizo hizo, ndiye anayevusha virusi kutoka shamba hadi shamba. Ila ukiuliza ni nani aliyejibu swali la batobato, jibu si Amani.

Kahawa inasimulia habari iliyo karibu na hii, kwa lafudhi ya Kibelgiji. Robusta ni mmea wa misitu ya Kongo. Mwaka 1900 kampuni ya bustani ya Linden huko Brussels ilianza kuuza miche yake, ikaipa jina hilo la kibiashara kwa sababu ya nguvu zake, na mwaka 1901 miche ikapandwa Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeiangamiza arabika. Kwa Waholanzi robusta ilikuwa jibu la ugonjwa. Kwa Wabelgiji ikawa jibu la mavuno: taasisi ya INEAC, iliyoundwa mwaka 1933 na kuweka kituo chake kikuu Yangambi, magharibi ya Kisangani, ilipima mti mmoja mmoja kwa kilo na ukubwa wa punje, ikachagua bora na kuizidisha. Ndugu wa porini wa miti hiyo hawakuwa ng'ambo ya bahari kama mpira wa Ceará. Walikuwa, na bado wapo, ndani ya msitu unaokizunguka kituo, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Tofauti hii na Amani ni kubwa kuliko inavyoonekana. Amani ilimwita mgeni kwa sababu haikuwa na njia nyingine. Yangambi ilikuwa na ndugu uani, ikachagua wachache wenye punje kubwa.

Bei ya uchaguzi huo mwembamba ililipwa Beni. Mnyauko wa kahawa, ambao watu wa Kivu wanaujua kwa jina lake la Kifaransa, trakeomikozi, uliripotiwa kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukiua aina nyingine ya kahawa. Steyaert, mtaalamu wa magonjwa ya mimea nchini Kongo, aliieleza kuvu yake mwaka 1948. Kwa muda robusta ilihesabiwa kuwa salama. Kisha kuanzia miaka ya 1970 ugonjwa ukaibuka upya kaskazini mashariki mwa Kongo, safari hii ukiikamata robusta yenyewe, ukateremka hadi mashamba ya Beni. Mwaka 1993 ulionekana Bundibugyo, ng'ambo ya mto Semliki, na kutoka hapo ukaenea Uganda na kuua mamilioni ya miti. Kuvu huziba mishipa ya maji. Majani yanakauka upande mmoja, kisha mti mzima unakufa ndani ya miezi michache, punje zikiwa bado juu yake. Dawa ni panga na moto.

Wanabaiolojia waliosoma vinasaba vya kuvu hiyo walitoa mwaka 2024 taarifa ambayo kila mzalishaji wa mbegu anapaswa kuitafakari: kuvu ya mnyauko imepata silaha zake kwa kuchukua vipande vya vinasaba kutoka kwa kuvu ndugu, Fusarium oxysporum, jamii inayojulikana kwa kunyausha migomba na mazao mengine mengi. Adui naye anawaita ndugu zake wa porini, na hahitaji miaka ishirini ya kurudisha mara tatu.

Majibu ya pande mbili za Semliki yalitofautiana. Uganda ilikuwa na kituo kilichosimama: huko Kituza, wilayani Mukono, watafiti walichagua robusta zilizohimili ugonjwa, wakazipima kwa miaka, wakatoa aina saba za kwanza, KR1 hadi KR7. Upande wa Beni vita vilikuwa vimekwisha kuvunja mtandao wa vituo vya INERA, mrithi wa INEAC. Mkulima akafanya alichoweza: akang'oa kahawa, akapanda kakao. Watu wa mipango huliita hilo kubadili zao, kana kwamba ni uamuzi wa biashara uliofanywa mezani. Kwa macho yangu ni uteuzi wa mbegu uliofanywa kwa ukali kuliko wote, ambapo zao zima lilitupwa kwa kukosa mmea mmoja wa kuaminika. Mahali pengine mti mmoja mmoja ulisalia kati ya iliyokufa, na mwenye shamba akauacha. Kituza ilianza kazi yake kwa miti iliyopona kama hiyo.

Robusta imetumika pia kama ndugu wa kuokoa. Kisiwani Timor, katika miaka ya 1920, ulionekana mti uliozaliwa wenyewe kwa arabika kukutana na robusta, wenye kinga ya kutu. Kutoka kwake zilizaliwa Catimor za dunia nzima, na Kenya ikautumia katika kuiunda Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, yenye kinga ya kutu na ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Wakulima wa Kenya waliipokea kwa nusu moyo, na wanunuzi wakalalamikia ladha. Haki ya malalamiko hayo inabishaniwa hadi leo. Linalonivutia ni kwamba mzio wa wanunuzi ulikuwa dhidi ya kitu kile kile alichopambana nacho Nichols: ndugu wa porini haji peke yake, anakuja na mizigo. Kwenye muhogo mzigo ulikuwa mizizi migumu; kwenye kahawa ulikuwa ndani ya kikombe.

Kwa mkulima wa arabika wa Butembo na Lubero, ubishi huu una kichekesho chake. Arabika yenyewe ni chotara. Ilizaliwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya mtu yeyote kuinywa, kwa robusta kukutana na Coffea eugenioides, kahawa ndogo ya porini yenye kafeini kidogo inayoota katika misitu ya nyanda za juu za Uganda, Rwanda, magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Kongo. Mashamba ya arabika ya Kivu, pamoja na yale ya miteremko ya Rwenzori ambako vyama kama Kawa Kanzururu huosha kahawa yao, yako ndani ya eneo la wazazi wote wawili. Wataalamu wa dunia wanaozungumzia kuizaa arabika upya, kwa kuwachanganya wazazi hao kwa mara nyingine ili kupanua vinasaba vyake vilivyo vyembamba mno, wanazungumzia mimea ya uani kwetu. Wavunaji haramu wa mbao na makaa wanaifikia misitu hiyo upesi kuliko wataalamu hao.

Nirudi kwenye swali. Ramani za muhogo za siku hizi zimechorwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miradi kama NextGen Cassava, iliyoanza mwaka 2012 ikiongozwa na Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na vituo vya Nigeria, Uganda na Tanzania. Kazi yao ni nzuri na takwimu zao wameziweka wazi kwa kila mtu. Lakini ramani huonyesha tu kile kilichopimwa. Majaribio mengi ya muhogo huvunwa miezi kumi na miwili baada ya kupandwa, yakapimwa tani kwa hekta, unga mkavu na alama za ugonjwa. Hilo ni swali la mtu mwenye uhakika wa kuwapo shambani siku ya mavuno.

Beni haina uhakika huo. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamekuwa yakirudi tena na tena katika vijiji vya eneo hilo, na kaya zinaacha mashamba kwa wiki, kwa miezi, kwa misimu. Muhogo unapendwa huko kwa sababu unangoja. Mahindi yaliyoachwa yanaliwa na ngedere na kuoza. Muhogo unakaa ardhini mwaka, mwaka na nusu, hata miwili, na mwenye nao akirudi anakuta bugali yake chini ya magugu. Sifa ambayo mkulima wa Beni angeipima ni hiyo: mzizi unabaki mzima kwa muda gani bila mtu?

Na hapo ndipo michirizi ya kahawia inapouma zaidi ya batobato. Ugonjwa huo ulielezwa kwanza na Storey, Amani, mwaka 1936. Nichols alionyesha kwamba ulikuwa wa pwani na nchi za chini, ukififia kadiri unavyopanda mlima hadi kukaribia mita 1,000. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana Uganda katika nchi za juu zaidi, na mwaka 2012 kirusi chake kilithibitishwa Kongo. Batobato unaiona majanini ukiwa barabarani. Michirizi inaweza kuacha majani yakiwa na dalili hafifu huku mzizi ukioza kutoka ndani, vipande vya kahawia vikavu kama gome, na uozo huongezeka kadiri mzizi unavyokaa. Wakulima wa pwani walijifunza kuvuna mapema ili kuuwahi. Aliyekimbia hawezi kuvuna mapema. Kwake, muhogo wenye tani nyingi mwezi wa kumi na mbili na uozo mwezi wa kumi na nane ni mbaya kuliko muhogo wa wastani unaobaki mweupe.

Sioni sababu ya kiufundi ya sifa hiyo kutochorwa kwenye ramani. Unahitaji watoto mia mbili au tatu wa mzazi kama Namikonga na muhogo unaopendwa Beni kwa sombe yake, waliopandwa mara tatu ili wavunwe mwezi wa 12, wa 18 na wa 24, na kila mzizi ukatwe na kutazamwa. Kusoma vinasaba ndiyo sehemu nyepesi: majani makavu yanatumwa kwa bahasha hadi maabara yoyote duniani. Mwinuko upo tayari, kutoka Beni hadi Butembo, mita mia sita za tofauti ndani ya safari ya nusu siku, jambo ambalo vituo vingine hulitafuta kwa gharama kubwa. Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben, Butembo, kina kitivo cha kilimo na wanafunzi wanaolijua shamba tangu utotoni. Ningeanza Butembo na kushuka kidogo kidogo kuelekea Beni, kwa viwanja vidogo vingi vilivyotawanywa kwa wenye mashamba badala ya kiwanja kimoja kikubwa chenye uzio, ili vikipotea vitatu vibaki vinane. Na viwanja vitakavyoachwa kwa sababu watu wamekimbia visifutwe kwenye daftari kama hasara. Vihesabiwe tarehe ya kuachwa na tarehe ya kurudiwa, mizizi ichimbwe, ikatwe, ihesabiwe kama mingine.